Msiba wa Mtu Aliye Hai

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake. Alitengeneza milango na mageti katika kibanda kilichokuwa mbele ya nyumba. Mkewe, Mama Pacha, aliipaka rangi milango hiyo jioni, watoto wao pacha wakicheza kando. Hawakuwa matajiri, lakini njaa hawakuijua.

Kisha benki ikampa Cheche kadi ya mkopo.

"Huu ni mshahara wa pili," alimwambia mkewe.

Mkewe hakubisha. Wakanunua friji. Wakanunua televisheni iliyofunika nusu ya ukuta. Kila mwezi Cheche alilipa kile kiasi kidogo kabisa ambacho benki ilikubali, akatumiwa ujumbe wa asante, akalala usingizi. Baadaye benki ilimwongezea kikomo cha kukopa. Siku hiyo alitembea kifua mbele kama mtu aliyepandishwa cheo. Jamani! Mtu anakurefushia kamba, nawe unashangilia.

Kazi ikapungua. Cheche akaanza kutoa pesa taslimu kwa kadi ile ile ili kununua chakula. Mwisho kadi ikagoma. Hakuweza tena kulipa hata kile kiasi kidogo, na ndipo simu za benki zilipoanza.

Alizima simu yake. Benki ikapiga ya mkewe. Asubuhi moja iliita wakiwa wanakunywa chai. Cheche alitikisa mikono yote miwili.

"Sema sipo!" alinong'ona.

"Nimesema hupo hadi nimechoka," Mama Pacha alijibu. Akapokea simu. "Mume wangu? Amefariki."

Sauti ya upande wa pili ikasema kwa upole, "Pole sana, mama."

Mama Pacha alizima simu. Walitazamana, wakacheka mpaka chai ikamwagika. Walikuwa na mwezi mzima hawajacheka.

Hawakukumbuka kitu kimoja. Cheche alipoomba kadi, alitakiwa kuandika namba ya ndugu wa karibu. Aliandika ya mama yake mzazi, aliyeishi mji mwingine. Benki ilimpigia mama huyo, ikampa pole ya msiba.

Mama alimpigia mwanawe. Simu imezimwa. Akampigia mkwewe. Imezimwa pia.

Kesho yake mchana, kilio kilisikika njiani. Majirani walitoka nje. Mama alikuwa anakuja, kitambaa cheupe cha sanda mkononi, analitaja jina la mwanawe alilompa siku ya kuzaliwa. Cheche alitoka kibandani, miwani ya kuchomelea usoni.

"Mama! Kuna nini?"

Mama alimtazama. Alimshika uso, akamshika mabega. "U hai?" aliuliza. Alianza kucheka. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ukashuka, na sanda ikaanguka chini. Naye akaanguka juu ya sanda hiyo.

Kilikuwa kiharusi. Mama hakufa, lakini mkono wake wa kulia haukuinuka tena. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, alilazwa kitandani nyumbani kwa mwanawe. Jirani yao, karani wa benki nyingine, alikuja kumjulia hali. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Baba Pacha, ulikuwa unamkimbia nani?"

"Deni, jirani. Nalipa na halipungui. Wananiibia."

"Ulikuwa unalipa kiasi gani?"

"Kile kidogo walichosema."

"Basi sikiliza. Hebu tuseme unadaiwa laki moja. Unalipa elfu tano. Riba ya mwezi ni elfu nne. Deni limepungua kiasi gani?"

Mama Pacha alihesabu kwa vidole. "Elfu moja tu!"

"Elfu moja. Na mwezi huo huo mmeongeza manunuzi. Litaisha lini? Kadi ya mkopo si mshahara. Ni pesa ya watu. Nunua kile ambacho pesa yake unayo tayari. Ukilipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, kadi nyingi hazitozi riba kwa manunuzi. Ukilipa kidogo, riba inakula kilichobaki."

"Na pesa taslimu niliyotoa?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mara nyingi ina ada yake, na riba inaanza siku ile ile."

Cheche aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini? Nikienda watanifunga."

"Nenda. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa kuliko anayejificha. Sema ukweli, omba mpango wa kulipa unaoumudu. Mkiandikiana, timiza. Na kadi usiiguse."

Mama alikuwa macho muda wote, anasikiliza.

Cheche alikwenda benki. Aliaibika, tena sana, na haikuwa aibu ya bure. Alikiri uongo wake. Walimkemea, kisha wakakubaliana malipo ya kila mwezi. Kadi ilikatwa vipande. Televisheni iliuzwa kwa bei ya kutupa. Mama Pacha alianza kuuza maandazi asubuhi, na kila mauzo yalipoingia, pesa ya benki ilitengwa kwanza. Wakati mwingine walilala na uji tu.

Mwaka ukapita, na mwingine ukapita. Siku moja Cheche aliingia chumbani kwa mama yake na karatasi.

"Mama, deni limekwisha. Lote."

Mama alitabasamu kwa upande mmoja. Maneno yake yalitoka polepole. "La benki. Lakini siku ile nilikulilia basini njia nzima. Kondakta alinionea huruma, akanirudishia nauli. Nilichukua pesa ya msiba, mwanangu, na msiba haukuwepo. Mrudishie."

Kesho yake Cheche alikwenda kituo cha mabasi. Aliuliza basi hadi basi, mpaka akampata kondakta mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Akamkabidhi pesa.

"Ya nini hii?"

"Nauli. Miaka miwili iliyopita ulimrudishia mama mmoja aliyekuwa analia, amebeba sanda."

Kondakta alifikiri. "Namkumbuka. Maskini, mama yule! Alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee. Wewe ulikuwa nani kwa marehemu?"

Cheche alimtazama machoni. Akasema, "Marehemu ni mimi."