Farasi wa Fundi Friji

"Hebu nieleze, kijana. Farasi huyu ulimpeleka pembeni kwa nini?"

Fundi friji aliutazama ubao wa sataranji mezani, kijasho kikimtoka. Mafriji ya mtaa mzima yalimtii, leo farasi wa mbao kamshinda. Alikuja kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, apate ruhusa ya kuleta posa. Kumbe mzee ni mchezaji wa siku nyingi, na binti yake, muuguzi, alikuwa amempangia ubaoni mchezo ambao wapenzi hao walikuwa wakicheza kwa simu, hatua moja kwa siku.

"Niliona... atakaa vizuri pale, Baba."

"Vizuri kivipi? Ufunguzi huu watu wanausomea miaka."

"Anasoma vitabu, Baba," muuguzi alidakia. "Kwa sheria za mchezo wetu, vitabu ruksa. Kompyuta ndiyo marufuku."

"Sawa. Tuendelee kuanzia hapa, mimi nishike kete za binti yangu."

Haikuchukua muda. Fundi alimwacha malkia wake wazi, akaliwa. Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma. Simu ikatetemeka mfukoni. Aliyetuma meseji alikuwa ameketi ubavuni mwake.

"Sema ukweli kabla sijausema mimi."

Njia ya mwongo ni fupi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mzee, nisamehe. Ni kompyuta iliyokuwa ikicheza."

"Hatua zote?" muuguzi aliuliza.

"Zote. Niliogopa utaniona mbumbumbu, uniache."

"Nikitoka zamu nilikuwa nakaa na hatua yako, najiuliza mpenzi wangu anawaza nini. Kumbe nilikuwa naisoma mashine."

Fundi aliishika simu yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua simu, akakubali kushindwa katika ule mchezo wao wa simu aliokuwa akiushinda, kisha akasimama kuaga.

"Kaa," muuguzi alisema. "Posa itasubiri. Nimekufungulia mchezo mwingine kwenye simu. Anza, na simu iweke mezani tuione."

Alikaa. Aliwaza weee, mwisho akasogeza askari wa pembeni kabisa. Mzee aliinama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hatua mbaya hii, mwanangu."

"Mbaya sana, Baba," muuguzi alisema, akijifuta macho. "Lakini hii ni yake."