Ghorofa ya Tisa Haina Jiko

"Senene, Senene, hapa Kikaango. Nyumba imeondoka Muleba. Ova."

Karugendo, ambaye redioni mkuu wake alimwita Senene, alikanyaga mafuta. Land Rover ikaruka shimo, bastola yake ya Browning ikamchoma ubavuni.

Mara ya tatu wiki hii kuifukuza nyumba hiyo!

Nyumba yenyewe ilipakiwa kwenye lori la Bedford: mfano wa mbao, urefu wa watu wawili, wa jengo la ghorofa kumi na nane ambalo Mzungu mmoja, Hoffner, alidai atalijenga Bukoba, ufukweni. Mwaka 1975, watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, yeye anawahubiria lifti, maji ya bomba na baraza ya kutazamia ziwa! Watu walimeza mate. Karugendo naye, jasusi mzima, alishajichagulia ghorofa ya kumi na mbili.

Lakini kahawa ya wanakijiji ilikuwa ikivushwa mpaka wa Mutukula kwa magendo, na wakubwa waliapa imo ndani ya nyumba hiyo. Alishapekua mara mbili.

Patupu.

"Senene, ukikosa leo, kesho unalinda maghala ya pamba Geita. Ova."

"Nimeelewa, mzee. Ova."

Aliikuta Bedford imezuiwa na askari wa kizuizi cha barabarani, Kaagya. Hoffner akashuka akitabasamu.

"Karibu tena, mpangaji wangu!"

Karugendo akafungua madirisha yote. Vitanda vidogo. Viti. Vyoo vya kuvuta. Kahawa hakuna hata punje! Akalipiga teke gurudumu, akaumia kidole.

Ma Benigna, muuza ndizi za kuchoma pale kizuizini, alikuwa akichungulia dirisha kwa dirisha.

"Waitu, mwanangu, hawa wa ghorofa ya tisa wanapikia wapi?"

"Ma Benigna, niache nifanye kazi!"

"Si ufanye! Mimi nahesabu majiko tu. Kila ghorofa ina jiko, hii haina. Ndizi wanazipika kitandani? Hiyo si nyumba, labda ghala."

Ghala.

Karugendo akachungulia. Mahali pa jiko palikuwa na ukuta mtupu. Akaupiga kwa kitako cha bastola.

Ubao ukapasuka. Nyuma yake palikuwa na mdomo wa kumiminia, na tundu lote la lifti, juu hadi chini, limeshindiliwa kahawa. Ikamwagika mpaka ikamfunika viatu.

Mkono wa Hoffner ukaelekea kotini.

"Mikono juu," Karugendo alisema. "Juu kabisa. Ghorofa ya kumi na nane."

Pingu zikalia.

"Kikaango, hapa Senene. Mzigo umepatikana. Ova."

"Safi! Mbona sauti imenuna? Ova."

Akazima redio, akawaachia askari Hoffner na lori lake. Akavaa miwani yake myeusi, akapokea ndizi moja ya Ma Benigna, akaondoka taratibu bila kugeuka nyuma.

Mlangoni mwa Land Rover alisimama kidogo. Akatazama juu, kimo cha ghorofa ya kumi na mbili hivi. Palikuwa na wingu tu.

Akasonya.