Tangazo la Tatu Kanisani Mnyuzi

"Ndoa hii haiwezi kufungwa."

Padri alisema hivyo kidole chake kikiwa juu ya kitabu cha ubatizo. Yuditha akadhani hakusikia vizuri. Matangazo mawili ya ndoa yalishasomwa, Jumapili mbili mfululizo. Aliyeyasoma ni Ernesti mwenyewe, mchumba wake na mwalimu wa dini pale Mnyuzi, maana enzi zile za Mdachi Padri alishuka kutoka milimani kwa treni mara moja tu kwa mwezi; sauti ilimkwama, watu wakacheka. Lilibaki tangazo moja, la keshokutwa, halafu harusi siku hiyohiyo.

"Kwa nini, Padri?" Yuditha akauliza.

Padri hakumjibu yeye. Alimgeukia Ernesti.

"Huyu ulimbatiza wewe?"

"Ndiyo, Padri. Alikuwa anakufa."

"Basi wewe ni baba yake wa roho. Sheria ya Kanisa inasema aliyembatiza mtu hawezi kumuoa."



Ilikuwa miaka miwili nyuma. Yuditha bado aliitwa Mwantumu, mwanafunzi wa dini, akiishi na bibi yake Zamda, Mwislamu wa siku nyingi aliyemlea tangu mama yake afariki. Homa ikampiga mpaka akawa hamjui mtu. Padri yuko mbali, Ernesti akaitwa mbio ambatize kabla hajafa. Hakufa. Padri alipokuja akaandika: amebatizwa na Ernesti, katika hatari ya kufa.

Padri alisema anaweza kumwandikia Askofu kuomba ruhusa. Jibu huchukua mwaka, na mara nyingine ni hapana. Wakatoka. Nje akina mama walikuwa wanapaka udongo mpya ukuta wa kanisa kwa ajili ya harusi, wakawapigia vigelegele. Yuditha alitamani ardhi immeze.

Kesho yake asubuhi alikuta karatasi imechomekwa mlangoni. Aliujua ule mwandiko, kwani ndio uliomfundisha kusoma.

"Yuditha, nimemwomba Padri nikafundishe dini kule Misima, amekubali. Jumatatu naondoka. Usipoteze mwaka mzima kunisubiri mimi. Nilikuokoa kwa mkono wangu, na mkono huohuo ndio umetutenga. Ernesti."

Bibi Zamda alikuwa uani anamenya mihogo. Hakuwahi kuificha nia yake: alitaka Yuditha aolewe na Sadala, muuza chumvi wa Segera, Mwislamu mwenzake. Alipomwona mjukuu wake analia alimwambia asome kwa sauti. Yuditha akasoma. Bibi akaacha kumenya.

"Hebu rudia hapo pa mkono."

Akarudia.

"Mkono upi? Mikono yake yote miwili ilikuwa imekushika kichwa. Ulikuwa unajirusha pale kitandani, hushikiki. Yeye anasema maneno yake, analia, kamasi zinamtoka, ananiambia, Bibi mimina, Bibi mimina. Nikamimina."

Yuditha aliacha kulia.

"Bibi. Maji ulimimina wewe?"

"Kata ile ya mtungini, nzima."

Somo hilo Yuditha alilijua kwa moyo, na aliyemfundisha ni huyohuyo Ernesti: anayesema maneno ya ubatizo ndiye anayemimina maji, mtu mmoja, la sivyo si ubatizo. Akapiga magoti kwenye maganda ya mihogo.

"Bibi yangu, twende ukamwambie Padri."

Bibi Zamda aliokota muhogo, akaanza kuumenya tena.

"Nikinyamaza, huyo kijana anaenda zake Misima, na wewe unabaki hapa na mimi. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Bibi."

"Na Sadala bado anakuulizia."

"Nalijua."

Bibi akamtazama, akamtazama tena. Akaweka kisu chini.

"Nipe kanga yangu."

Mbele ya Padri hakupunguza neno, hata zile kamasi alizisema. Ernesti akaitwa. Alisimama anaitazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Ni kweli, Padri. Ningemwachia kichwa angeanguka. Sikuwaza sheria. Niliwaza atakufa."

Padri alimkaripia mpaka akina mama wa udongo wakaacha kazi wasikilize. Akamuuliza wale wengine aliowabatiza je. Ernesti akaapa wote aliwamiminia mwenyewe, ni huyu mmoja tu aliyemchanganya akili. Padri akachukua kalamu, akapiga mstari kitabuni.

"Basi hukumbatiza wewe, na Bibi hakumbatiza. Hajabatizwa na mtu."

Miaka miwili ya kusali, na jina lake limekatwa vile.

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Mjukuu wangu," Bibi Zamda akajibu, kabla Padri hajapata neno.

Jumapili kipande cha reli kinachotumika kama kengele kiligongwa mapema. Kizuizi kilifutika pamoja na ule ubatizo; tangazo la tatu lilisomwa na Padri, na hakuna aliyekuwa na pingamizi. Bibi Zamda alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Kwenye ubatizo mpya Yuditha alichagua jina lilelile, akainamisha kichwa, maji yakamtiririkia shingoni.

Ernesti hakuwemo kanisani. Alikuwa ng'ambo ya reli, mikono nyuma, hataki hata kunusa yale maji, asije akawa baba wa roho tena. Yuditha akamfuata hukohuko, nywele zinachuruzika.

"Njoo, tunakusubiri wewe."

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Nani alimimina?"

"Padri."

"Na maneno?"

"Padri huyohuyo. Ernesti, watu wana njaa."

Ndipo akatoa mikono mgongoni, akamshika.