Usukani wa Randu

Asubuhi ile Kanze alikuta usukani umelowa. Haukuwa umande, kwa maana kiti kilikuwa kikavu, kasha la nyuma kavu, na kiangazi kilikuwa kimekausha hata lambo la ng'ombe. Ni mipira miwili tu ya kushikia, wa kulia na wa kushoto, iliyokuwa ikidondosha maji, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa ameishika na kuiachilia pale tu mlango wa nyumba ulipolia.

Aliifuta kwa pindo la leso, kisha akainusa leso. Ilinuka tope la mto.

"Kombe, jana ulipita majini?"

"Maji yapi, na huku tunaoga kwa kikombe?" mumewe alijibu kutoka ndani, akicheka.

Usukani huo ulikuwa mgeni kwenye pikipiki yao ya magurudumu matatu, ile yenye kasha nyuma, ambayo Tarasaa nzima huiita tuktuk ya mizigo. Kombe aliitumia kubebea ndizi, maembe na magunia ya mahindi kutoka mashambani hadi soko la Garsen, na njia za mashamba zilikuwa zimemmaliza mikono. Usukani wa kwanza, uliokuja na tuktuk, ulikuwa mfupi na wa chini. Ilimbidi ajikunje kama mtu anayetafuta sindano, na ikifika jioni vidole vimekufa ganzi, hata tonge la sima linamponyoka. Kanze alimsugua kwa mafuta ya nazi huku akimtania kwamba yeye aliolewa na kijana, huyu babu katoka wapi. Lakini moyoni aliogopa. Alimpenda mtu huyo na mikono yake, na hakutaka kuiona ikifa mbele ya mwili.

"Badilisha usukani au ubadilishe kazi," alimwambia.

Basi Kombe akaenda kwa Griffin, fundi kijana wa Kipokomo mwenye karakana ya mabati pale Garsen. Griffin akamtolea usukani mrefu, mpana, uliopinda kama pembe za ng'ombe wa Waorma.

"Huu ni noma, mzee wangu. Utakaa wima kama chifu."

Aliufunga, akaweka kebo ndefu za klachi na breki ili zifike, akakaza nati. Kombe alipoketi, mgongo ulinyooka, viwiko vikashuka mahali pake, mabega yakapumua. Alirudi Tarasaa akiimba pambio la kanisani. Siku hiyo alikula sima yake yote, tena akaomba ukoko.

Raha ya namna hiyo mtu haiulizi ilikotoka.

Baada ya maji yale ya asubuhi, Kombe akaanza kulalamika kwamba tuktuk inavuta. Kila akifika penye njia ya zamani ya kushukia mtoni, usukani ulikwenda kushoto wenyewe, taratibu, kama mbuzi anayekumbuka zizi. Griffin aliyapima magurudumu yote matatu akayakuta sawa. Kisha mchana mmoja, baada ya chakula, Kanze alimkuta Kombe amelala chali mkekani huku mikono yake imeinuka mbele, ngumi zimekaza hewa, kifundo cha mkono wa kulia kikipinda na kurudi kama anayeongeza mafuta.

"Bado kidogo," alikuwa akinong'ona usingizini. "Bado kidogo, mama, nafika."

Mama yake Kombe alifariki Kombe akiwa mtoto wa kunyonya. Hakuwahi kumwita mtu mama maishani mwake. Kanze alimwamsha kwa kofi la bega, na Kombe akaamka bila kukumbuka chochote. Viganja vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua.

Siku ya soko Kanze alipanda naye, akakaa kwenye kasha juu ya mikungu ya ndizi. Jua lilikuwa la utosi, barabara tupu. Walipofika penye ile njia ya mtoni, tuktuk ilikata kushoto.

"Kombe, wapi?"

Kanze akainama mbele kumgusa bega, na ndipo harufu ya tope ilipompiga usoni, nzito, yenye uvundo wa majani yaliyooza, na tuktuk ikazidi kukimbia kwenye mashimo bila kuruka, kama inayoelea, na miiba ya mathenge ikikwaruza mbavu za kasha huku na huku, na alipotazama mikono ya mumewe akaona maji yanatoka katikati ya vidole vyake, kidogo kidogo, na juu ya kila mkono ngozi imebonyea mistari minne, kama vidole vya mtu mwingine vimekaa hapo juu, vimeshika pamoja naye, vinakaza, na Kombe analia bila sauti na kusema kwa pumzi tu, "Haitoki, Kanze, mikono haitoki, niachishe," na mto ukaonekana mbele, mpana na wa rangi ya chai, na ukingo ukakaribia.

Kanze alijitupa mbele juu ya bega lake, akaung'oa ufunguo.

Injini ilizima. Tuktuk ilisimama gurudumu la mbele likiwa ndani ya maji. Mikono ya Kombe ikaachia yenyewe, ikaanguka mapajani, baridi kabisa. Walikaa wakilia wote wawili bila aibu, mpaka mchunga ng'ombe mmoja wa Kiorma aliyeitwa Godhana akaja kuwasaidia kuirudisha nyuma. Alipouona usukani, aliurudisha mkono wake, akaisukuma tuktuk kwa kasha tu.

Kanze aliuzungushia usukani gunia, wakasukuma hadi barabarani, wakavutwa na lori hadi kwa Griffin.

"Ulitoa wapi huu?" Kanze aliuliza.

Fundi aliangalia chini. "Kwa mwenye kuokota vyuma, mama. Mvua zilipokula ukingo kule makaburini, aliuona umetokeza kwenye tope."

"Ulikuwa mtupu hivi hivi?"

"Ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe. Mimi nilikikata." Sauti yake ilishuka. "Nilidhani ni kitambaa tu, walahi."

Kanze aliketi chini palepale kwenye mafuta machafu. Alikuwa ameyahudhuria mazishi hayo kwa miguu yake. Randu, kijana wa bodaboda, alisombwa na maji wakati wa mafuriko makubwa, barabara ilipokatika. Pikipiki ilipatikana, mwenyewe hakupatikana. Na watu wao, mwili ukikosekana, hawalali hivi hivi. Huzika kitu kilichokuwa mikononi mwa marehemu, kimevishwa sanda, kimeliliwa kwa jina lake. Mama Randu alizika usukani wa mwanawe.

Kombe na Kanze walikuwa watu wa kanisa, tena wa viti vya mbele. Lakini jambo likikupata, unajua mwenyewe njia ya kwa mganga ilivyo fupi. Jioni hiyohiyo walikuwa kwa Hawe Dama, bibi mganga wa upande wa mashamba ya mpunga, ambaye hakutaka hata kuusogelea usukani. Aliutazama kwa mbali, akatema mate pembeni.

"Mtoni kuna jini asiye na mikono," alisema polepole. "Huazima ya watu. Alimchukua Randu kwa ajili ya mikono, na haachii mmoja mpaka apokewe na mwingine. Ile sanda ilimdanganya. Alidhani kaburini kuna mtu, akatulia. Sasa kaburi liko wazi, na yeye anatafuta."

"Anamtafuta nani, Hawe?" Kanze aliuliza, ingawa alijua.

"Kitu cha kuzikia ni cha aliyekigusa mwisho kwa mkono mtupu. Ndiyo maana siku ile ya mazishi Mama Randu hakuruhusu mtu akishike. Sasa usukani huu ni wa mumeo, mwanangu. Tukiufukia leo ulivyo, tumemfukia Kombe."

Kombe alificha mikono kwapani kama mtoto anayesikia baridi.

Dawa haikuwa kubwa. Mama Randu alete shati la mwanawe ambalo halijafuliwa. Usukani ufutwe kwa shati hilo, pande zote, huku akiitwa jina, ili mguso wa mwisho uwe wake Randu. Kisha uvishwe sanda mpya na ubebwe kwa kitambaa, asiuguse mtu mwenye damu. Baada ya hapo, ndani ya kaburi.

Kesho yake jua likiegemea walikuwa makaburini, watu wachache. Griffin, akiwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, alikuwa ameufungua usukani na kuuleta juu ya gunia. Kaburi lilikuwa shimo lililoliwa nusu na mto. Mama Randu, mwanamke mwembamba asiyelia tena kwa sauti, aliufuta usukani kwa shati la mwanawe kama anayemwogesha.

"Randu. Randu wangu. Tulia sasa, baba."

Waliuviringisha. Kanze na Mama Randu waliubeba, huyu ncha hii, yule ncha ile, wamekunja kitambaa mikononi mara kadhaa. Kombe aliambiwa asimame mbali, lakini alisogea, kwa sababu mkewe alikuwa ukingoni na udongo haukuwa wa kuaminika. Na kweli, Kanze alipoinama, ardhi ilimeguka chini ya mguu wake. Aliyumba. Sanda ikafunguka upande, chuma kikachomoka na kuteleza kuelekea majini.

Kombe alikidaka.

Mkono wa dereva haungoji amri. Alikidaka hewani kwa kiganja kitupu, akakishusha shimoni haraka, akarudi nyuma. Hawe Dama alikuwa amefumba macho akiomba. Mama Randu alikuwa akiirudisha sanda juu ya chuma, machozi yamemziba macho. Griffin alikuwa amegeuka kuchota udongo. Ni Kanze tu aliyeona.

Alifungua mdomo. Kombe alimtazama, akatikisa kichwa taratibu. *Basi*, macho yake yalisema, *yaishe.* Jua lilikuwa linazama, mama mtu ameanza kutupa udongo, na Kanze alichoka kwa hofu mpaka mifupani. Akajiambia ilikuwa nukta tu, nani angehesabu nukta. Akachota udongo kwa mikono yake miwili, akafukia.

Siku zilizofuata palitulia. Griffin aliurudisha usukani wa zamani, ule mfupi, na tuktuk haikuvuta tena wala kunuka. Kanze alimtazama mumewe akijikunja juu yake, akamhurumia.

"Vidole vinauma?" alimuuliza jioni, chupa ya mafuta ya nazi mkononi.

"Haviumi."

"Hata kidogo?"

"Sivisikii kabisa," Kombe alisema, akitabasamu kama mtu aliyepona. Kanze alivishika. Vilikuwa baridi, na hata alipovisugua havikupata joto. Alilala akiwa amevikumbatia kifuani.

Alfajiri mlango uligongwa. Kanze alitoka kitandani kwenye giza, akafungua komeo. Alikuwa Mama Randu, leso imekaa upande, uso umejaa furaha ambayo Kanze hakuwahi kuiona juu yake.

"Amerudi," alinong'ona. "Randu wangu amerudi. Ameingia sasa hivi, mkavu, ananiomba uji. Nimemshika mikono, Kanze, ina joto. Nimemuuliza, mwanangu, umetokaje kule? Anasema, mama, kuna mtu amenipokea."

Kanze alimwacha mlangoni. Alirudi chumbani, akaipapasa taa, akaiwasha.

Godoro lilikuwa limelowa upande mmoja, umbo la mtu mzima, na tope la mto lilikuwa limetulia pale palipokuwa na mgongo. Kwenye ubao wa kitanda palikuwa na alama mbili za mikono, iliyoshika kwa nguvu, kisha ikateleza. Chupa ya mafuta ya nazi ilikuwa bado dirishani.

Nje, Mama Randu aliuliza kama kuna sukari kidogo ya kumwekea mwanawe kwenye uji. Kanze alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka viganja vyake juu ya zile alama, akaanza kumwita Kombe kwa sauti ya chini.