Nani Anakula Sponji za Mama?

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo, mlango wa chumba cha Mutheu uligongwa.

"Kamanda! Bado umelala? Jua likitukuta kitandani litatucheka!"

Huyo alikuwa baba yake, Mbuvi. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maji mjini Kitengela, kwenye mitaa ambayo mifereji iliwekwa kama pambo tu. Aliondoka asubuhi na kurudi usiku, na siku nyingi Mutheu alijua baba amerudi kwa kuona viatu vyake mlangoni. Lakini alfajiri ilikuwa yao wawili. Walivaa raba, wakakimbia polepole kwenye barabara ya vumbi hadi mwisho wa mtaa, pale ambapo ua wa waya unakutana na mbuga. Pundamilia waliinua vichwa na kuwatazama kama wanaouliza, "Hawa nao wanafukuzwa na nani?"

Njiani Baba alisimulia vituko vya wateja.

"Jana mama mmoja ameniuliza kama maji yangu ni ya leo ama ni ya jana."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ya leo yako juu, ya jana yako chini, achague."

Mutheu alicheka mpaka akakosa pumzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kitu alichokipenda kuliko mwendo ule.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kungekuwa na Mbio za Mzazi na Mtoto huko Kajiado mjini, kilomita tano. Mbuvi alikuwa ametangaza habari hiyo kuanzia kisimani hadi kanisani. Jirani yao Ngigi, mwenye duka la misumari na mabati, alimcheka waziwazi.

"Mbuvi, wewe kazi yako ni kukaa kwa usukani. Utakimbia na nini?"

"Ngoja Jumamosi," Mbuvi alimjibu. "Siku hiyo utanijua kwa mgongo."

Basi mambo yalikuwa mazuri, isipokuwa kisigino cha Mutheu cha mguu wa kushoto.

Kilianza kama kijiwe ndani ya kiatu. Mutheu akavua, akakung'uta, hakuna kijiwe. Baada ya siku chache kikawa kinauma kila anapotoka kitandani, halafu kikauma hata akiwa amekaa. Angesema, lakini alimjua baba yake. Angemwambia, "Pumzika, Kamanda," kisha angeanza kwenda kazini mapema zaidi. Mutheu angebaki kuangalia viatu mlangoni.

Kwa hiyo hakusema. Aliingia jikoni, akachukua sponji mpya ya mama yake ya kuoshea vyombo, ile ya manjano yenye mgongo wa kijani, akaikata kwa makasi na kuitia ndani ya raba. Lo! Ilikuwa kama kukanyaga ugali wa moto, laini ajabu.

"Nani amechukua sponji yangu?" Mama aliuliza jioni, mikono ikiwa imejaa masizi ya sufuria.

Mutheu alitazama dari. Ndugu yake mdogo, Munguti wa Gredi ya Tatu, alitazama chini ya meza kama sponji ingemwitikia. Baba naye alikohoa.

Mama, ambaye jina lake ni Mbithe na ambaye hapendi mchezo na vyombo vyake, akanunua sponji mbili. Vyombo vya jioni vilipokwisha kuoshwa, Mutheu akachukua moja, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imelala kama chapati. Kesho yake Mama akapiga kelele.

"Zote mbili! Hii nyumba iko na panya!"

Mutheu alishtuka. Yeye alichukua moja. Ile nyingine imekwenda wapi? Alifikiri mpaka kichwa kikachoka, na mwishowe hata yeye akaamini kwamba kuna panya.

Mama akaazima mtego, akaweka chambo cha sponji nyingine. Huenda huyo ndiye panya wa kwanza Kajiado nzima kutegwa kwa sponji. Asubuhi mtego ulikuwa umefyatuka, sponji haipo, panya hayupo. Baba alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole.

"Umefanya nini kidole?" Mama alimuuliza.

"Bolti ya lori," akasema Baba haraka, akatoka nje bila kumaliza chai.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha. Mutheu na baba yake walipokimbia, kiatu cha Mutheu kilianza kulia *kwichi, kwichi*, na povu jeupe likachungulia pembeni. Sponji ilikuwa bado na sabuni! Mutheu alipunguza mwendo ili Baba atangulie asione. Ajabu ni kwamba hata huko mbele, alikopita Baba, kulikuwa na povu.

"Baba, kuna mtu ameosha gari hapa?"

"Lazima," akasema Baba bila kugeuka. "Watu wa huku wanapenda usafi sana."

Shuleni sasa. Mtoto anaweza kumficha baba mguu wake kwa nusu saa ya giza, lakini hawezi kulificha darasa kutwa nzima. Rafiki yake Waithera, binti ya Ngigi, ndiye aliyeanza.

"Mutheu, mbona unatembea hivyo? Kama kuku amekanyaga kaa la moto?"

Mutheu alitafuta jibu, akapata la uongo, na uongo wenyewe ukatoka na mapambo.

"Hii ni mwendo ya wakimbiaji. Inapunguza upepo."

"Kwenda huko!"

"Ebu jaribu."

Waithera akajaribu. Akainamia kushoto, akainuka, akainamia tena. "Ai! Kweli ni kama upepo umepungua."

Hapo ndipo moto ulipowashwa. Kufikia Jumatano, Gredi ya Sita yote ilikuwa ikitembea kwa kuchechemea. Munguti akaupeleka mwendo huo kwa watoto wadogo, nao wakauongezea kuzungusha bega. Alhamisi asubuhi kengele ya gwaride ilipolia, shule nzima ilitoka madarasani ikichechemea mguu wa kushoto, safu baada ya safu, kwa bidii kubwa.

Mwalimu Parmuat, mwalimu wa michezo, alikuwa wa zamu. Filimbi ilimtoka mdomoni ikaanguka. Yeye alikulia akichunga ng'ombe, na macho yake hayakupitwa na mguu.

"Ng'ombe mmoja akichechemea, huo ni mwiba," alimwambia mwalimu mwenzake kwa sauti ya chini. "Lakini zizi lote likichechemea, huo ni ugonjwa."

Akatoa simu, akapiga kwa watu wa afya.

Kabla ya saa nne alikuwa amefika Bi. Naliaka, afisa wa afya, na buti za mpira, beseni mbili na chupa ya dawa. Neno likapita kama upepo: funza! Wanaingia kwa vidole vya miguu! Watu wa dawati la nyuma wakaanza kujikuna hata masikio.

"Funza si aibu," Bi. Naliaka aliwaambia. "Wanatibika. Aibu ni kuficha. Haya, viatu chini, mmoja mmoja."

Akainama, akashika mguu baada ya mguu.

"Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu mzima, lakini mara ya mwisho kuoga ilikuwa Pasaka. Wewe, unaitwa nani?"

"Munguti."

"Unaumwa wapi, Munguti?"

"Siumwi."

"Na unachechemea kwa nini?"

"Ni staili," akasema Munguti kwa fahari. "Inapunguza upepo."

"Nani amewafundisha hiyo staili?"

Vidole vyote vya shule vikamwelekea Mutheu. Hata kidole cha ndugu yake.

Mutheu alikaa kwenye benchi. Alivua kiatu taratibu, akitumaini kwamba sponji itakuwa na huruma. Haikuwa nayo. Ilidondoka *pwa!* ndani ya beseni, na mara povu likapanda. Shule ikaangua kicheko. Bi. Naliaka yeye hakucheka. Alikishika kisigino cha Mutheu na kukibinya pande mbili, na Mutheu akaruka nusura atoboe bati.

"Inauma tangu lini?"

"Leo."

Bi. Naliaka akaichomoa sponji majini, akaipindua. Ilikuwa imebonyea, na umbo la kisigino limejichora juu yake kama mhuri.

"Hii imekanyagwa siku nyingi, mwanangu. Mwalimu, waite wazazi wake."

Mama alifika kwanza, mbiombio. Kisha lori la maji likasimama langoni, na Mbuvi akashuka. Alitembea kuelekea kwao, na kadiri alivyokaribia ndivyo Mwalimu Parmuat alivyozidi kukunja uso.

"Mzee," akasema, "na wewe unatembea staili?"

Mbuvi alikuwa akichechemea mguu wa kulia.

"Mimi niko sawa. Ni kukaa kwa lori tu."

"Kaa hapa," akasema Bi. Naliaka. "Vua kiatu."

"Nimesema niko sawa."

"Vua kiatu, Baba Mutheu," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini. Kila mtu nyumbani kwao alijua kwamba hiyo ndiyo sauti ya kutiiwa.

Mbuvi akavua. Ndani ya kiatu kulikuwa na sponji ya manjano yenye mgongo wa kijani, na katikati yake alama ya chuma cha mtego.

Mama aliichukua. Akachukua na ile ya Mutheu. Akaziweka pamoja kwenye kiganja, akazitazama, akawatazama wao.

"Panya wangu," akasema. "Kumbe ni wawili."

Mbuvi aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. "Ningesema naumwa, Mutheu angeacha kukimbia. Na hiyo asubuhi ndiyo saa pekee niko na mtoto wangu."

Mutheu alimtazama kwa mshangao. "Baba! Hata mimi ndiyo maana sikusema."

Mwalimu Parmuat akasafisha koo.

"Huyu wa kushoto, huyu wa kulia," akasema. "Tukiwaunganisha tunapata mkimbiaji mmoja mzima."

Bi. Naliaka aliwaeleza polepole. Mfupa wa kisigino cha mtoto bado unakua, na ukipigwa kila siku kwenye ardhi ngumu unalalamika. Maumivu ni ujumbe, na kuuwekea sponji ni kama kufunga mdomo wa mtu anayekuita. Mbuvi naye alikuwa akikimbia na viatu vilivyoisha soli mpaka wayo ukasimama badala ya soli. Wote wawili wakaonwe zahanati, wapumzike hadi maumivu yaishe, waloweke miguu kwenye maji baridi, wanyooshe misuli, wapate viatu vinavyofaa.

"Na Jumamosi?" Mutheu aliuliza.

"Jumamosi mtapiga makofi."

Machozi yalimjaa Mutheu. Kajiado ingeweza kusubiri. Hofu yake ilikuwa nyingine. "Na asubuhi, Baba?"

"Asubuhi iko palepale," akasema Mbuvi. "Ni nani alituambia ni lazima tukimbie? Tutakaa kwa ngazi tukunywe chai. Hata hadithi zitasikika vizuri, hakuna kuhema."

Mutheu hakuondoka hivihivi. Mwalimu Parmuat alimsimamisha mbele ya gwaride, naye Mutheu akakiri kwamba mwendo ule haupunguzi upepo wowote, kwamba alikuwa anaumwa na akadanganya, na kwamba anaomba msamaha kwa masomo yaliyopotea.

"Lakini unapendeza!" mtoto mmoja wa Gredi ya Kwanza akapiga kelele, na hata Bi. Naliaka akacheka.

Jumamosi ikafika, na Kajiado mjini kukajaa wazazi waliovuta matumbo ndani. Mbuvi na Mutheu walikaa kando ya barabara, miguu imenyooshwa. Namba yao ya mbio haikubaki bure. Mama aliibandika kifuani mwake, akafunga leso kiunoni, akamshika Munguti mkono.

"Siwezi kukosa kitu kwa hii mbio baada ya sponji zangu zote," akasema.

Kipenga kilipolia, Ngigi, ambaye naye alijiandikisha na Waithera, alichomoka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Waithera alimlilia nyuma, "Baba, polepole! Ni kilomita tano!" Hakusikia. Mama na Munguti walikwenda mwendo wa kuteka maji, hatua kwa hatua, bila presha.

Karibu na mwisho, Ngigi alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika mbavu, na Waithera anampepea kwa kofia. Mama alipita mbele yake, akapunguza mwendo kidogo.

"Baba Waithera, uliambiwa utajua mtu kwa mgongo," akasema. "Haya, tazama vizuri."

Kando ya barabara Mbuvi alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kumbe Munguti, alipoona watu ni wengi, aliamua kumalizia kwa staili. Akachechemea, akazungusha bega, na umati ukamshangilia kama shujaa aliyejeruhiwa vitani.

"Tembea vizuri wewe!" Mama alimfokea, lakini walikuwa wameshavuka mstari. Hawakushika nafasi ya kwanza, wala ya kumi. Nyuma yao walikuwa wawili tu, na hao wawili walitosha.

Jioni nyumbani, baada ya kula, Mama aliweka sponji mpya mezani.

"Nisikilizeni, panya wangu," akasema. "Sponji ni dawa ya sufuria. Dawa ya mguu ni mdomo. Ukiumwa, sema mapema, hata kama unaogopa kupoteza kitu. Mtu akikupenda, hakuachi kwa sababu umepumzika. Mlifichana, na karibu mpoteze miguu na hiyo asubuhi yenyewe."

"Ndiyo, Mama," akasema Mutheu.

"Ndiyo, Mama," akasema Mbuvi pia, na kila mtu akacheka.

Kesho yake, kabla jogoo hajasafisha koo, mlango uligongwa kama kawaida. Mutheu akatoka, akakuta beseni ya maji baridi kwenye ngazi, na vikombe viwili vya chai.

"Unaumwa, Kamanda?"

"Kidogo. Na wewe?"

"Mimi sana," akasema Baba, akatumbukiza mguu. "Haya, sogea. Juzi kuna mteja ameniuliza kama maji yangu yanajua kuogelea."

Na ile sponji ya Mama ilikaa pale jikoni mpaka ikazeeka yenyewe. Hakuna panya aliyeigusa tena.