Kuanzia Kesho Nageuka

Jioni ile njia ya kuzunguka ziwa la mtaa ilijaa watu kama sokoni. Kuna waliokimbia, kuna waliosukuma vigari vya watoto, na kuna waliokuja kupiga soga tu wakisingizia mazoezi. Fundi cherehani alikuwa hapo kwa amri ya nesi. "Dada, kukaa kwenye cherehani kutwa ndiko kunakokuvimbisha miguu. Zunguka ziwa kila jioni, mzunguko mmoja tu." Naye alikuwa mtu wa kutii. Saa kumi na moja alifunga duka, akavaa raba, akaingia kwa geti la juu, maji yakiwa mkono wake wa kulia.

Gauni lake lilikuwa la rangi ya chungwa, lenye mifuko miwili mikubwa, kalishona mwenyewe. Penye benchi lililovunjika mguu nusura agongane na mwanamume mrefu aliyekuwa akija kutoka upande wa pili, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Samahani dada," yule mwanamume akasema, kisha akacheka. "Umetumwa uje kulipima ziwa?"

Fundi cherehani akajishika shingoni. Futi ya kupimia nguo ilikuwa inaning'inia, ameisahau! Aibu ikampanda mpaka masikioni. Lakini alipoinua uso akamwona na yeye ana kioo cheusi cha kutazamia vitu vidogo, kimekaa juu ya paji la uso.

"Na wewe kaka, hilo jicho la tatu la kumtazama nani?"

Alikuwa fundi saa. Alikishika kile kioo, akakitia mfukoni haraka kama mwizi, wakacheka wote wawili. Tangu siku hiyo mshonaji akaitwa Futi na fundi saa akaitwa Jicho.

Jicho aliingia kwa geti la chini, lililo karibu na kibanda chake, akatembea maji yakiwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila jioni walipishana mara mbili: kwanza penye benchi bovu, halafu penye daraja la mbao. Hawakukosea hata siku moja, maana mwendo wao ulikuwa mmoja. Penye benchi waliulizana habari za kazi. Penye daraja walitaniana. Miezi mitatu ikapita hivyo, pamoja na simu za usiku kabla ya kulala.

"Futi, umeshasali?"

"Nimeshasali."

"Umenitaja?"

"Nimekutaja baada ya miguu yangu."

"Haya, nashukuru. Angalau nimetangulia cherehani."

Futi alikuwa na miaka thelathini na sita. Miaka minne nyuma mwanamume mwingine alimwacha kwa ujumbe wa simu wa maneno matatu, bila hata salamu. Tangu hapo moyo wake aliuweka kama kitambaa cha mteja, hakigusi mtu. Kwa hiyo shangazi yake, aliyemlea na aliyeishi naye, alipoanza kuuliza kuhusu huyo mtu wa ziwani, Futi alijifanya anatafuta uzi.

"Mwanangu, mtu hachumbii kwa kupishana kama malori barabarani," shangazi alisema. "Jumamosi aje nimwone. Asipokuja, jina lake lisitajwe tena humu ndani."

Jumatano, penye daraja, Futi akasema kwa haraka, akitazama maji, "Shangazi anataka kukuona Jumamosi."

Jicho alisimama. Akanyoosha kola ya shati. Nyuma yao kulikuwa na wakimbiaji wanaomba njia, wakapisha, kila mmoja akashika njia yake.

Usiku ule, akimalizia kazi ya mteja nyumbani, simu ikalia. Ujumbe: *Futi, kuanzia kesho nageuka. Usishangae.*

Alisoma mara tano. Sindano ikakatika kwenye suruali ya mteja.

Alhamisi alikwenda ziwani akijiambia ni kwa ajili ya miguu. Penye benchi, hayupo. Penye daraja, hayupo. Akamaliza mzunguko mzima. Hajafika nyumbani simu ikalia.

"Futi, mbona leo hukuja?"

"Mimi? Mimi nilikuwepo! Nimezunguka ziwa zima. Wewe ndiye hukuwepo."

"Nilikuwepo, mama. Nimetembea mpaka jasho, sikukuona."

"Kwani si umeshageuka?"

"Ndiyo, nimegeuka! Si nilikwambia?"

"Basi heri, kaka." Akakata simu. Alisema "kaka", si "Jicho", na neno hilo lilimuuma mwenyewe kuliko alivyotaka limuume yule.

Simu ikalia tena, na tena. Akaifungia kwenye sanduku la vifungo.

Ijumaa mchana shangazi aliingia dukani na kapu mkononi.

"Natoka sokoni. Niambie tu, kesho nipike au nisipike?"

Futi aliendelea kukanyaga cherehani, nayo haina uzi. Shangazi akaitazama ile sindano inavyotoboa kitambaa bure, akamtazama na yeye.

"Kageuka, shangazi. Kasema mwenyewe."

"Kakwambia macho kwa macho?"

"Kwa simu."

"Basi hajasema. Nenda ukatembee, mwanangu. Mwombe Mungu njiani. Ukirudi utanijibu."

Jioni alisimama getini, maji mkono wa kulia kama siku zote. Akawazia lile benchi, kwamba atalipita tena likiwa tupu. Hapana. *Kama kugeuka ni kazi nyepesi hivyo,* akasema moyoni, *na mimi nageuka.* Akazunguka kwa visigino, maji yakawa mkono wa kushoto, akitembea kwa hasira kama anayemfuata mdaiwa.

Hakufika mbali. Penye daraja la mbao akamwona mtu mrefu anakuja mbio, shati jeupe limelowa mgongoni, kioo kile kinarukaruka kwenye mfuko wa kifuani.

"Futi! Siku mbili nakukimbiza! Umejificha wapi?"

"Nijifiche mimi? Wewe ndiye uliyegeuka!"

"Nimegeuka njia! Nimegeuza upande ili nitembee pamoja nawe. Nitazungumzaje na shangazi yako wakati na wewe mwenyewe sijawahi kuzungumza nawe hatua kumi mfululizo? Nikasema nigeuke, tuwe upande mmoja."

Futi akauliza polepole, "Ulipogeuka, uliingia geti gani?"

"La chini. Si ndilo geti langu?"

"Na mimi la juu." Akatoa futi shingoni, akaikunja duara, akaweka kidole huku na kidole kule. "Mimi huyu, wewe yule. Upande mmoja, mwendo mmoja. Mishale miwili ya saa ikiwa na mwendo mmoja, inakutana lini, fundi saa?"

Jicho alilitazama lile duara. Akashika kichwa. "Haikutani."

"Tungezunguka mpaka tuzeeke!"

"Na jana niliposhika mbio..."

"Na mimi jana nilikuwa na hasira, nilikwenda mbio vilevile."

Wakacheka mpaka mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akasimama kuwaangalia. Machozi yalimtoka Futi, akayafuta kwa mfuko wa gauni, asijue ni ya kicheko au ya kitu gani. Alipofungua macho, Jicho alikuwa ameichukua futi, anaizungusha kwenye kidole cha Futi cha mkono wa kushoto, jicho moja amelifumba kama anatengeneza saa.

"Unafanya nini?"

"Napima. Kesho siwezi kwenda kwa shangazi sijui hata kipimo cha pete. Inchi tano na nusu."

"Inchi? Hicho kidole au mguu wa tembo? Umeshika upande wa sentimita."

"Nirekebishe basi, mke wangu mtarajiwa."

"Nani kakubali?"

"Bado hujakubali?"

Futi alitazama maji, safari hii bila haraka. "Nimekubali," akasema. "Ila futi yangu rudisha."

Wakashika njia, bega kwa bega, upande mmoja. Walipofika penye benchi bovu giza lilikuwa linaingia, na simu mfukoni mwa gauni ikalia.

"Uko wapi mpaka saa hizi?" shangazi akauliza.

"Nazunguka ziwa, shangazi."

"Limekua, hilo ziwa?"

"Halijakua. Tumepunguza mwendo."

Upande wa pili wa simu ikasikika sauti ya sufuria ikiteremshwa kutoka kwenye rafu.

"Haya," shangazi akasema. "Muulize kama anakula pilipili."