Mhojiwa Namba Saba Ni Mimi

Nina miaka kumi na tisa. Naishi Batsinda, hapa Kigali, na mama na wadogo zangu wawili, na mwaka huu nimeanza chuo kikuu, nasoma ualimu na sayansi ya jamii. Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa aibu sana. Hata nikiitwa jina darasani natetemeka. Mambo yangu huwa nayaandika kwenye daftari, basi. Lakini hili nalisema hadharani, kwa sababu watu walilisikia hadharani kabla sijafungua mdomo...

Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkasema nimelificha.

Mama anafanya kazi za ndani kwenye jumba moja kule Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Anafua, anapika, anaogesha hadi mbwa. Nilipokuwa mwaka wa nne wa sekondari, shule ya bweni, alikuja kunitembelea siku ya vizite. Wazazi wa wenzangu walikuja wamependeza. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na gauni lake la bluu la kazi, hata aproni hakuvua! Wenzangu wakauliza, huyo ni nani? Nikawajibu, "Huyo ni boyesi wetu. Mama amesafiri."

Boyesi... mtumishi wa nyumbani. Mama yangu mzazi!

Mama alinipa chapati alizofunga kwenye kitambaa, akaniambia nisome kwa bidii, akaondoka. Nilizila zile chapati huku machozi yananitoka. Kesho yake nikaandika yote kwenye daftari, kwa Kiswahili. Ndiyo lugha yetu ya nyumbani, maana mama alikulia Bujumbura, na pale bwenini wachache waliweza kuisoma. Nikadhani siri yangu iko salama, hata daftari liliporudi nami nyumbani.

Sasa niwaambie kuhusu Dada Solange, binti wa mjomba. Alikaa kwetu miaka yake yote ya chuo, tukilala chumba kimoja kila nilipokuwa likizo. Alikuwa anasoma hiki hiki ninachosoma leo. Nilimpenda jamani! Kila alichofundishwa alinieleza. Ni yeye aliyenifundisha kwamba ukifanya utafiti, mhojiwa hatajwi jina, anapewa namba. Na kwamba kabla hujaandika neno lake hata moja, lazima akubali na asaini karatasi. Alinifundisha kwa mdomo wake mwenyewe!

Mwaka wa mwisho akaanza kuandika kitabu. Hapa Kigali ule utafiti wa kumalizia chuo tunauita hivyo, kitabu. Chake kilihusu wanafunzi ambao mama zao wanafanya kazi kwenye nyumba za watu. Akaniomba anihoji. Nikakataa. Akacheka, akasema sawa, mtoto wa aibu, nitatafuta wengine. Mimi nikasahau kabisa.

Siku ya kudefanda kitabu ikafika. Kwetu siku hiyo ni sherehe, ukoo mzima unakwenda na maua kumsikiliza mtoto wao akijitetea mbele ya walimu. Mama aliomba ruhusa kazini, akavaa mshanana, vazi letu la sherehe. Tukakaa mstari wa pili. Solange alizungumza Kiingereza muda wote. Mama hakuelewa hata neno moja, lakini kila Solange alipotua, mama alitabasamu kwa fahari.

Kisha Solange akasema sasa atasoma maneno ya mhojiwa namba saba kwa lugha yake mwenyewe, yasije yakapoteza ladha. Akasoma... kwa Kiswahili!

"Nilisema ni boyesi wetu. Aliponipa chapati mikono yake ilinuka sabuni ya watu wengine. Nikaona aibu, halafu nikaona aibu ya kuona aibu."

Daftari langu! Neno kwa neno! Akaendelea na gauni la bluu, na siku ya vizite, na jumba la Nyarutarama, na mbwa wanaoogeshwa. Jina langu alilificha, mbwa akawaacha! Nani asingejua?

Mama aliacha kutabasamu. Akanitazama mara moja tu, kisha akainamia maua yaliyokuwa magotini pake.

Mwalimu mkuu wa jopo akauliza kama kuna mwenye swali. Mimi, ambaye sijawahi kunyoosha mkono maishani, nikajikuta nimesimama.

"Mhojiwa namba saba ulimhoji lini?"

Solange akanong'ona, "Kaa chini sha, mdogo wangu, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko ulikoniibia," nikamwambia. Nikawageukia walimu. "Naomba mtafute karatasi aliyosaini. Namba saba ni mimi, na sijasaini kitu."

Walimu wakafunua makaratasi. Wahojiwa kumi na wawili, sahihi kumi na moja. Tukatolewa nje. Kitabu kikakataliwa, Solange akaambiwa aanze upya, na wenzake wakahitimu bila yeye.

Basi ukoo ukaniangukia mimi! Mjomba alipiga simu kusema nimemuua mwanawe akiwa hai. Shangazi akasema aliyemkana mama yake leo anajifanya hakimu. Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli... Solange alihamia kwa rafiki yake, mtaa wa Niboye. Akifunga begi aliniambia, "Nimeandika ukweli. Muongo ni wewe."

Ni kweli nilidanganya. Lakini ukweli wangu ulikuwa wa kusemwa na nani? Na yeye?

Mama hakunigombeza. Afadhali angenipiga! Wiki nzima aliniita Madamu, kama anavyomwita tajiri wake. "Madamu, chai iko mezani." "Madamu, nifue na soksi?" Wala hakucheka.

Jumamosi nikafunga safari hadi Nyarutarama. Mlinzi akaniuliza mimi ni nani, na wenye nyumba walikuwa pale pale wakipanda gari. Nikasema kwa sauti, mimi ni mtoto wa mama anayefua hapa. Mama akatoka na mikono iliyolowa.

"Umekuja kukagua kazi, Madamu?"

"Nimekuja kukusaidia kuanika."

Kisha akanisogezea beseni. "Foronya zigeuze kwanza," akasema. Tangu siku hiyo hajaniita Madamu tena.

Ndugu walitaka niachane na masomo haya yaliyowaaibisha. Nimekataa! Somo halikuniibia daftari, mtu ndiye aliyeniibia. Nitasoma, nitafundisha, na kila nitakayemwandika nitamuuliza kwanza, akisema hapana nafunga kalamu. Mjomba bado hapokei simu zangu. Asipokee! Lile swali ningeliuliza tena.

Dada zangu, kaka zangu, nawaomba... uchungu wa mwenzako si mali yako, hata kama mnalala chumba kimoja. Na wewe unayemwonea mama yako aibu, mkiri leo kwa mdomo wako, kabla mwingine hajakusemea mbele ya watu.

Mkasa huu nimemsomea mama wote, akimenya ndizi, nikamuuliza kama naruhusiwa kuutuma. Akasema niutume, ila nisimpe namba, wala nisimwite mama fulani.

Basi anaitwa Donatila. Anafanya kazi za ndani Nyarutarama. Ni mama yangu.